Barua kutoka Scituate: mshenga mwenye mkia

Shoga yangu,

Nakusalimu kutoka Massachusetts, ambako upepo wa pwani unauma masikio na wenyeji wanakwambia leo kumekucha vizuri. Ulinionya nisikuandikie habari za majumba marefu, basi Boston nimeiacha. Nimepanda treni South Station hadi Greenbush, hapa Scituate, mwisho wa reli. Njia hii ilifungwa mwaka 1959, ikaja kufunguliwa tena 2007, na inapita nyuma ya nyumba za watu, karibu uchungulie sufuria zao.

Kilichonileta ni Must Love Dogs, ile riwaya ya Claire Cook ya mwaka 2002 niliyokuwa nikicheka nayo peke yangu usiku. Mji wake, Marshbury, hutaupata kwenye ramani, lakini ni wa pwani hii hii ya kusini mwa Boston. Ukiona nyumba za mbao zilizochakaa kwa chumvi na majina ya Kiairishi kwenye vibao vya maduka, unajua uko ndani ya kitabu.

Hadithi yenyewe hii: Sarah Hurlihy, mwalimu wa chekechea, ameachika, na jioni anakula chochote kilichopo akiwa amesimama jikoni. Ndugu zake hawamwachi apumue. Ungedhani wamezaliwa Ng'ambo ya Unguja! Wanamshikilia atafute mtu kwa matangazo ya wachumba. Anajibu moja, anajipamba, anakwenda kuonana na huyo bwana, kumbe mwenye tangazo ni baba yake mzazi! Mzee amefiwa na mkewe na hana nia ya kukaa mpweke. Hapo nilikifunga kitabu kwanza, nikacheka mpaka nikapaliwa. Dada yake Carol naye anamwandikia tangazo lake, anatia sharti kwamba mwanamume awe anapenda mbwa. Na mbwa Sarah hana! Yuko wa kaka yake, jibwa linaloitwa Mother Teresa.

Mwenyewe Cook aliandika riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 45, ndani ya gari, akimsubiri binti yake amalize mazoezi ya kuogelea. Must Love Dogs ilikuwa ya pili, na mwaka 2005 ikawa filamu ya Diane Lane na John Cusack. Filamu itazame ukiwa unapiga pasi. Kitabu ndicho chenye ulimi.

Sasa nikueleze nilichokiona ufukweni. Watu wa huku wanapishana kama hawaonani. Akitokea mbwa, mambo yanabadilika. Mwanamke mmoja aliyejifunika skafu hadi puani alisimamishwa na mzee mwenye mbwa mweupe. Mwanamke akauliza jina la mbwa, umri wa mbwa, mbwa anakula nini, na nilipowapita mara ya pili walikuwa bado wamesimama, mbwa kachoka, kalala juu ya viatu vya mzee. Jina la mzee nadhani alikuwa hajaliuliza. Mbwa ndiye mshenga wao, shoga. Hadai posa, hapeleki maneno, na mkikosana hana upande.

Mbwa mmoja akanijia mimi na mpira umelowa mate, akauweka kwenye pindo la koti langu, akaketi kunisubiri. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, unajua kazi iliyofuata: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mwenyeji wangu akanikuta nachota kwenye chungu chake cha maua, akanyamaza kwa adabu.

Kuna mnara wa taa wa mwaka 1811, mzuri, nimeupiga picha, basi. Lakini ungekuwa nami kwenye jumba la makumbusho ya bahari, ungelia. Mji huu ulikuwa ukivuna mwani! Wahamiaji wa Ireland waliuanza uvunaji huo katikati ya karne ya 19, ukaendelea hadi miaka ya 1990. Hawakupanda kama nyinyi huko Paje, Unguja. Maji yakitoka walikwenda na mashua, wakaukwangua miambani kwa reki zenye mpini mrefu, kisha wakauanika ufukweni na kuugeuza. Unatoa ute ule ule unaotafutwa kwenye mwani wenu, wa kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. Nilisimama mbele ya ile reki, nikawaza migongo yenu.

Kitabu nakuletea. Mwaka mzima sasa tangu utoke eda unasema unapumzika, nami sikubishii. Ila nimempigia simu dada yako, tumeanza kukuandikia tangazo. Anasema sharti la kwanza bwana awe anavumilia paka wako, wote, na yule mwizi wa samaki akiwemo. La pili bado tunagombana: mimi nataka ajue kupika, yeye anataka asiwe na mama mkali. Tujibu haraka kabla hatujamaliza.

Shoga yako