Kiwanja cha Ndege na Ghala la Kijiji

Hivi karibuni nilisafiri hadi Dar es Salaam. Nilikwenda kumsindikiza mpwa wangu aliyekuwa anakwenda masomoni ng'ambo. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, maharage na ng'ombe. Sikutegemea kupata somo la kazi yangu kwenye kiwanja cha ndege. Lakini nililipata, na leo nataka tugawane.

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kiko kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji. Kina majengo matatu ya abiria. La kwanza ni la miaka ya 1950, kabla ya Uhuru. La pili lilifunguliwa mwaka 1984. Lilichorwa na Mfaransa aliyeitwa Paul Andreu. La tatu lilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019. Hilo lilijengwa liweze kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka.

Mpwa wangu aliondokea jengo la tatu. Alipokwisha kuingia ndani, nilikaa kivulini kungoja usafiri. Hapo nilikuta ubishi.

Mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, alilisifu jengo la pili. Alisema, "Lile lilichorwa na mtu aliyelijua jua letu. Paa lake ni kama miavuli mingi iliyopangwa pamoja. Linatoa kivuli na hewa inapita. Hili jipya ni kubwa, lakini umeme ukikatika utafanyaje?"

Dereva wa teksi alimjibu, "Shikamoo mzee wangu, lakini kivuli hakimalizi foleni. Kabla ya mwaka 2019 watu walisongamana mle mpaka jasho likawatoka. Jengo zuri lisilotosha watu lina faida gani?"

Walibishana kwa muda mrefu, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Mzee alitazama ubora, dereva akatazama nafasi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka kosa langu.

KOSA LANGU

Miaka kumi iliyopita, kijiji kimoja kilitaka kupanua ghala lake la mahindi. Waliniomba ushauri. Niliwaambia waongeze vyumba viwili ubavuni. Tuliharakisha kwa sababu mavuno yalikuwa karibu. Vyumba vile viliziba madirisha ya ghala la zamani. Hatukuweka matundu mengine, maana tuliogopa wezi. Kwa hiyo tulipata nafasi, lakini tukapoteza hewa.

Mvua ziliponyesha, joto na unyevu vilikaa ndani. Mahindi yakaota ukungu. Magunia 40 yalitupwa. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu kuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mama mmoja mjane aliniambia, "Bwana shamba, ghala limekuwa kubwa, lakini chakula changu kimepungua." Sijasahau maneno yale.

YALIYOTOKEA UFARANSA

Nilipofika nyumbani nilisoma habari za Paul Andreu. Kabla ya kuchora jengo la Dar es Salaam, alichora jengo la kwanza la kiwanja cha Charles de Gaulle, karibu na Paris. Lilifunguliwa mwaka 1974. Ni jengo la mviringo, na watu wengi walilisifu. Lakini kitu cha mviringo hakina ubavu wa kuongezea. Abiria walipozidi, ilibidi kujenga majengo mengine mbali na lile, tena kwa umbo jingine.

Moja la majengo hayo lilifunguliwa mwaka 2003. Hilo pia lilichorwa na Andreu. Paa lake lilikuwa la zege, refu kama mtungi uliolazwa. Lilipendeza sana. Mwezi Mei mwaka 2004, kabla hata ya kutimiza mwaka mmoja, sehemu ya paa ilianguka. Watu wanne walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba zege lile halikuwa na nguvu ya akiba ya kutosha. Sehemu ile ilijengwa upya kwa chuma na vioo, ikafunguliwa tena mwaka 2008.

Tazama, ndugu msomaji. Mtu ni yule yule. Jengo lake la Dar es Salaam bado limesimama, na bado linapokea abiria. Hivyo, jina kubwa la mchoraji si dhamana. Kila jengo lipimwe lenyewe.

ARDHI NI YA WATU

Kuna jambo jingine ambalo hata wale wabishani wawili hawakulitaja. Kupanua ni kuchukua ardhi. Ili kiwanja cha Dar es Salaam kipanuke, wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walitakiwa kuhama. Mali zao zilithaminiwa mwaka 1997. Wengi wao walingoja malipo zaidi ya miaka 10. Mtu aliyekwisha kuambiwa atahama haongezi chumba wala hapandi mwembe. Anakaa tu. Miaka ile ya kungoja nayo ni gharama ya jengo, ingawa haionekani kwenye mchoro.

TUFANYE NINI?

Kijiji ninachofanyia kazi sasa nacho kinataka kupanua ghala. Mkutano umegawanyika. Wengine wanataka kuongeza ubavuni haraka. Wengine wanataka kujenga jipya. Niliporudi niliwaomba tuchore kwanza kwenye karatasi, tena mbele ya watu wote. Nimewapa maswali haya, na wewe nakupa:

1. Tutavuna magunia mangapi sasa, na mangapi baada ya miaka kumi?

2. Upepo unatoka upande gani, na utapitaje ndani?

3. Tukitaka kuongeza tena, tutaongezea wapi?

4. Nani amepima msingi, kuta na paa? Tusitazame sura tu.

5. Shamba la nani litachukuliwa, na atalipwa lini?

Swali la tano liliuliza jina. Shamba lililo jirani na ghala ni la kijana mwenye watoto watatu. Hakuwa amesema neno katika mikutano yote miwili. Safari hii alisimama, akasema yuko tayari kuhama, mradi apewe shamba lingine kabla ya msimu wa kupanda. Mkutano ulikubali kwamba hakuna tofali litakalofyatuliwa kabla ya hapo.

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako mnapanua shule, zahanati au ghala. Someni maswali haya pamoja, mjadiliane. Karatasi hufutika kwa urahisi, lakini ukuta ukishasimama kuubomoa ni hasara.