Zawadi ya Krismasi Iliyotoka Bukoba

Kila ifikapo mwezi wa Desemba, akina mama wengi tunaanza kuumiza vichwa: fulani nimpe nini mwaka huu? Vitenge vimepanda bei, na kila nyumba tayari ina seti ya vikombe isiyotoka kabatini. Ndiyo maana wengi wetu tunarudi kwenye zawadi ya chakula. Na nchi yetu imejaliwa. Kuna korosho za Mtwara na Lindi, mchele wa Kyela, asali ya Tabora, dagaa na migebuka wa Kigoma, halua na viungo vya Zanzibar, kahawa ya Kilimanjaro. Kwa mtu anayependa kula vizuri, kifurushi cha namna hiyo kinampendeza kuliko kitambaa.

Lakini zawadi ya chakula ina jambo lake. Kitenge kisichofaa hukunjwa na kuwekwa sandukuni. Chakula huingia mwilini mwa mtu. Mimi ni muuguzi kwa kazi yangu, na ni mama wa watoto watatu. Ungedhani kwamba mimi ningelijua hilo mapema kuliko wengine. Naomba nikusimulie jinsi nilivyolijua kwa kuchelewa.

Kwetu ni Masasi, na mume wangu ni mtu wa Bukoba. Tunaishi Dodoma. Tangu niolewe, zawadi yangu ya Krismasi kwa ndugu wote ilikuwa moja tu: korosho. Niliona fahari kuzitoa kwa sababu zinatoka kwetu, na sikuwahi kujiuliza kama anayepokea anazipenda. Mama mkwe wangu alizipokea kila mwaka kwa mikono miwili na kushukuru.

Huyu mama mkwe ni mtu anayejua chakula. Kijijini kwake, panapokuwa na harusi au msiba, ndiye aliyekuwa anaitwa kusimamia sufuria. Akinusa wali ungali jikoni atakwambia kama mchele ni wa Kyela kweli au umechanganywa. Baba mkwe alipofariki tulimwomba aje akae nasi, naye akakubali. Miezi michache baadaye nilimwona anakunywa maji mengi na kuamka mara kwa mara usiku. Nikampeleka kupimwa. Alikuwa na kisukari, na presha pia ilikuwa juu.

Hapo ndipo uuguzi wangu ulipouchukua nafasi ya ukwe. Niliondoa sukari mezani. Nikampimia ugali na ndizi. Mgeni akija na soda niliipokea mlangoni. Krismasi ilipofika nilimfungia zawadi yake katika karatasi nzuri: unga wa dona kilo tano, maharage, na karatasi niliyoiandika mwenyewe ya vyakula vinavyofaa na visivyofaa. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Alifungua, akaangalia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Asante, Mama Neema. Mwaka huu nimekuwa mgonjwa wako."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani.

Mwezi wa pili alianza kudhoofika. Siku moja nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta amelala, ana kiu kali, na maneno yake hayaeleweki vizuri. Nilimpima, na mashine ikasoma 24. Wale mnaoishi na mgonjwa wa kisukari mnajua namba hiyo inaleta hofu gani. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa siku nne. Nilipokuwa nikitandika kitanda chake nyumbani, nilikuta chini ya uvungu kopo la asali, limebaki robo.

Ndugu mmoja alikuwa amempa sikukuu ile ile ya Krismasi, kwa nia njema kabisa, akimwambia kwamba asali si sukari, ni dawa. Akina mama wenzangu, maneno hayo tunayasikia kila siku. Asali ni chakula kizuri, lakini mwilini hupandisha sukari kama sukari nyingine. Kutoka kwenye mzinga hakuipunguzii utamu wake.

Nilikwenda wodini nikiwa na hasira. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini ulinificha?" Akageukia ukutani, akajibu polepole, "Mwanangu, tangu nianze kuumwa, yeye peke yake ndiye aliyenipa kitu kitamu."

Sikuwa na la kujibu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikalia. Yule ndugu alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua yote, nikakosea kwa namna nyingine. Nilikuwa nimempa zawadi mgonjwa wa kisukari, nikamsahau mama yangu, mtu ambaye maisha yake yote furaha yake ilikuwa kupika na kuonja. Nilichofanya ni kumfungia mlango, na mtu aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha.

Mwaka ule niliamua kuanza upya. Mwezi wa kumi, siku moja tukiwa tunachambua maharage uani, nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: "Mama, ni chakula gani cha kwenu unachokikumbuka?"

Uso wake ulibadilika. Akaanza kunisimulia habari za senene. Jinsi mvua za mwezi wa kumi na moja zinapowaleta usiku, wakitua kwenye majani kwa wingi. Jinsi watoto walivyoamka alfajiri na vikapu. Jinsi wanawake walivyokaa pamoja kuwatoa mabawa na miguu huku wakipiga soga, na harufu yao wakikaangwa inavyoenea kijiji kizima. Siku hizi, akasema, watu wanawatega kwa taa kali, mabati na mapipa, lakini ladha ni ile ile. Akanitajia pia kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kienyeji na kukaushwa, ambayo mgeni akiingia katika nyumba ya Mhaya hupewa kwanza kabla ya chochote.

Nilisikiliza, na kichwani uuguzi wangu ukafanya kazi iliyo sahihi. Senene wana protini na mafuta, na wanga wao ni mdogo. Hawapandishi sukari kama ndizi au asali. Tatizo lingekuwa chumvi, maana wengi wanaouzwa wametiwa chumvi nyingi wasiharibike. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mwenye presha anahitaji uangalifu zaidi.

Nikampigia simu wifi yangu aliyeko Bukoba. Nikamwomba anitafutie senene wa msimu, awasafishe mwenyewe, awakaange kwa mafuta yao wenyewe na vitunguu, chumvi kidogo sana, kisha awakaushe vizuri wastahimili safari. Alicheka sana. "Wewe mtu wa korosho, leo unataka senene?" Lakini alifanya. Wiki moja kabla ya Krismasi nilikwenda stendi kupokea ndoo ndogo iliyofungwa vizuri, iliyosafiri kwa basi kupitia Kahama na Singida, pamoja na kifuko kidogo cha kahawa.

Niliificha ndoo ile juu ya kabati. Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, nilimpelekea Mama chumbani kwake, nikapiga magoti kama desturi ya kwao, nikamkabidhi. Alifungua kifuniko. Harufu ilipompata alifunga macho. Kisha akaniambia nimwite kila mtu aliyemo ndani ya nyumba.

Hili sikulitegemea. Alikaa kwenye kiti, ndoo mapajani, akaanza kugawa. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, alikinga mikono kama mtoto. Mabinti wakapewa, na jirani yetu aliyekuja kutusalimu akapewa pia. Kijana wangu wa pili nilimzuia, kwa sababu akila kamba huvimba midomo, na mwili unaokataa kamba unaweza kukataa pia wadudu wa jamii ya panzi. Mama akampa tunda badala yake, akimwambia kwamba naye hajasahauliwa. Zamu yangu ilipofika nilifunga macho nikatafuna. Kwetu Masasi hatuli senene, na sitawadanganya kwamba sikuogopa. Lakini ni watamu.

Yeye mwenyewe alikula sahani ndogo na ndizi zilizopimwa, na punje chache za kahawa. Jioni nilimpima, sukari ilikuwa 8. Akanishika mkono akasema, "Mama Neema, tangu niumwe mimi ni mtu wa kupokea tu. Leo umenipa kitu cha kugawa."

Tangu siku ile hajaficha chakula tena. Akitamani kitu ananiambia, tunakaa chini na kutafuta namna.

Jambo hili nimelipeleka hata kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Miaka yote tulikuwa tunawapelekea wajane vifurushi vinavyofanana: sukari kilo mbili, mchele, mafuta, sabuni. Sasa wiki mbili kabla tunatembelea kila nyumba na kuuliza. Bibi mmoja mwenye kisukari alikuwa akiiuza ile sukari yetu kila mwaka ili anunue dagaa wa Kigoma. Sasa tunampelekea dagaa.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, kabla hujanunua zawadi ya chakula mwaka huu, jiulize ni nani atakayekila na mwili wake ukoje. Naongeza machache kutokana na kazi yangu.

Asali ni zawadi nzuri kwa mtu mwenye afya, na ikiganda usiitupe, kuganda ni tabia yake. Lakini nyumba yenye mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, sema wazi unapoitoa kwamba mtoto asilambishwe hata kidogo. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, navyo hutoa sumu inayolegeza misuli hata kupumua kukawa shida.

Korosho, chagua zisizo na chumvi kwa mwenye presha. Karanga, zichambue moja moja na utupe zilizosinyaa au zenye ukungu. Sumu ya ukungu haiishi kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo si jambo la mzaha.

Samaki waliokaushwa kwa chumvi waambatane na maelezo: waloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Mchele wa Kyela nunua kwa mtu unayemwamini, na upike kikombe kimoja kwanza uone kama unanukia. Halua ni wanga, sukari na samli. Mpelekee anayeweza kuila, na kwa mwenye kisukari tafuta viungo: mdalasini, iliki, pilipili manga. Hivyo vitampa ladha bila kumdhuru.

Na zaidi ya yote, uliza. Usimuulize tu daktari wake, muulize mwenyewe anakumbuka nini. Mithali sura ya 31 inamsifu mwanamke anayeleta chakula kutoka mbali. Zamani nilidhani sifa yake ni ule umbali. Sasa naamini aliwajua vizuri watu wa nyumba yake, akajua ni kipi cha kukifuata huko mbali.

Mwaka huu wifi ameshaniambia kwamba mvua Bukoba zimeanza. Ndoo nimeiosha, inasubiri. Nawatakia nyote Krismasi njema, na meza ambayo kila aliyeketi ana kitu chake.