Kutoka Mnazi Hadi Baharini: Ushauri wa Akina Mama Waliozoea Meli

Mnazi ni jina la mti wa pwani, lakini kijiji chetu hakina pwani. Kiko nyikani, kaskazini mwa milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ambako mashamba ya katani yanakutana na vichaka vya upande wa Mkomazi. Ukisimama mlangoni asubuhi unauona ukuta wa milima upande wa kusini, na mawingu yamelala juu yake. Mto Umba unaoshuka kutoka milimani kwetu huvuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Mto unafika baharini, lakini wengi wetu hatufiki.

Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama kumi na mmoja kilipoamua kuweka akiba ya kwenda Unguja kwa siku nne, kila nyumba ilikuwa na la kusema. Wengine walituuliza kama tumekuwa watalii. Mama mkwe wangu alisema bahari haina mlango wa nyuma. Mume wangu alinitazama, akasema, "Nendeni. Lakini usirudie ile ya kwanza."

Nitaieleza ile ya kwanza. Kwanza nikupe, mama mwenzangu, yale tuliyoambiwa na wanawake watatu waliokwisha kusafiri sana kwa meli. Mmoja ni muuguzi mstaafu mwenye binti aliyeolewa Pemba. Wa pili hupeleka Zanzibar viazi, kabichi na mafyulisi ya Lushoto. Wa tatu ni mke wa mwalimu aliyekaa Kigoma, akasafiri mara nyingi kwa MV Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe katika vita mwaka 1916, kisha ikainuliwa kutoka chini ya ziwa na kuanza kazi upya mwaka 1927. Hawakukubaliana katika kila jambo, na hilo nalo lilitufaa.

Panga kabla ya kufunga mzigo

Muuguzi alituuliza kwanza tunakwenda mwezi gani. Upepo wa kusi huchafua bahari, hasa kati ya Juni na Agosti. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, huwa na siku nzuri lakini nayo huvuma. Nyakati za kubadilika kwa pepo hizo bahari mara nyingi hutulia, ila usisahau masika. Alitusihi tusikilize redio siku mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. "Ukisikia tahadhari, ahirisha," alisema. "Shemeji atakungojea, na harusi ina picha."

Mfanyabiashara alisisitiza mambo matatu. Beba kitambulisho, maana hukaguliwa bandarini. Nunua tiketi dirishani, si kwa kijana anayekukimbilia njiani akikuita mama. Tena hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kwenye tiketi, na la kila mtoto pia, hata wa kunyonya. Katika ajali za meli, kazi ya kwanza huwa kujua nani alikuwemo, na watoto wasioandikwa husahauliwa katika hesabu.

Nauli ya kurudi, alisema, haiguswi. Ishone ndani ya kibindo au mkabidhi mweka hazina. Sisi tulimkabidhi mwenzetu asiyependa vitambaa.

Njia yenyewe

Kutoka Mnazi tulipanda basi alfajiri, tukapitia Mng'aro na kukwea hadi Mlalo, kisha Lushoto. Hapo utahitaji sweta, maana unatoka joto la nyikani na kuingia baridi ya mlimani kabla ya kumaliza chai yako. Usiiweke chini kabisa ya begi, kwa kuwa utaihitaji tena ndani ya boti ya mwendo kasi, ambako kiyoyozi huwa kikali na watoto hutetemeka.

Baada ya Lushoto ndipo zinapoanza kona za kuteremka Soni hadi Mombo. Wawili kati yetu walitapika. Muuguzi alikuwa ametuambia tuzitumie kona hizo kama shule: anayechafukwa hapo ajue kwamba atachafukwa baharini, ajiandae. Kutoka Mombo, barabara ya lami ikatupeleka Korogwe, Segera, Chalinze hadi Dar es Salaam. Tulilala kwa ndugu wa mwenzetu ili tusifike bandarini tukikimbia. Kituo cha boti za Zanzibar si kigumu kukipata. Uliza kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo linakitazama. Boti inapotoka bandarini unaliona kanisa hilo pamoja na la Kilutheri la Azania Front, halafu mji unabaki nyuma. Kwa boti ya mwendo kasi, safari huchukua karibu saa mbili.

Habari ya tumbo

Hapa ndipo wazoefu wetu walipobishana. Mfanyabiashara hali kitu kabla ya kupanda. Muuguzi alimpinga. Tumbo tupu huchafuka upesi kama lile lililojaa mafuta. Kula mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha saa moja kabla, acha chapati na maziwa. Tulimfuata muuguzi, na hatukujuta.

Alitueleza sababu ya kichefuchefu chenyewe. Sikio la ndani linahisi mwili unapanda na kushuka, macho yanaona kiti kilichotulia, na akili inachanganyikiwa. Kwa hiyo yape macho kitu cha kweli: tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Usisome, usiinamie simu. Kaa katikati ya chombo, si mbele, kwa maana mbele ndiko kunakoruka zaidi. Mke wa mwalimu alipenda kukaa nje penye hewa. Wengine walipata nafuu kwa kutafuna tangawizi, ambayo kwetu hutoka kwa jirani zetu wa milima ya Same. Zipo pia dawa za kuzuia kutapika safarini, ambazo humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Nyingi huleta usingizi. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye mtoto mdogo aulize zahanati kwanza.

Beba mifuko ya karatasi au kopo lenye kifuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini. Beba pia kitambaa chenye maji na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto. Na mwenzako akitapika, usimcheke. Zamu yako haiko mbali.

Ile ya kwanza

Sasa niseme. Mwaka 1993 nilikuwa na mtoto wa miezi minane, nikienda kumwuguza dada yangu kisiwani. Chombo nilichopanda sikitaji, wala bandari. Kilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia ya vitunguu. Majaketi ya kuokolea maisha niliyaona yamefungwa kwa kamba juu, mahali ambapo hata mwanamume mrefu asingeyafikia upesi. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu alitazama huku na huku, akakusanya kikapu chake. "Mwanangu, shuka," aliniambia. "Mimi nashuka."

Yeye alishuka. Mimi nilibaki. Nauli ile ilikuwa thamani ya mbuzi wawili, na niliogopa nitamwambia nini mume wangu.

Usiku wa manane mawimbi yalianza, mizigo ikateleza, watu wakalia. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamfunga kifuani, nikamfungua tena, nisijue lipi ni salama. Tulifika alfajiri. Niliporudi nyumbani na kueleza, mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mbuzi tungefuga wengine."

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, nilikaa kando ya redio nikimwaza yule bibi. Septemba 2011 ikawa MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, ikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Julai 2012 ikawa MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ilikuwa siku ya soko, na wengi walikuwa akina mama na watoto. Vyombo ni tofauti na maji ni tofauti, lakini karibu kila mara utasikia neno lile lile: kilijaa kupita kiasi.

Kwa hiyo hili ndilo ninalotaka ulikumbuke hata ukisahau habari za tangawizi. Tiketi uliyonunua haikulazimishi kupanda. Kabla ya kuketi, tazama majaketi yako wapi na kama yapo ya watoto. Tazama mlango wa kutokea. Kama watu wamekaa njiani na mizigo imeziba milango, shuka, hata kama nauli itapotea. Mtoto wa mgongoni mfungue ukaketi naye mapajani, kwa sababu mwenye mtoto mgongoni hawezi kuvaa jaketi. Chombo kikikaribia gati, baki umekaa. Watu wakikimbilia upande mmoja, chombo hulalia upande huo. Tuombe tunapoondoka, ndiyo, lakini tufumbue macho baada ya kusema amina.

Ukifika Unguja

Mji Mkongwe hutembelewa kwa miguu, kwa hiyo vaa viatu vya kawaida. Vaa gauni refu na ubebe khanga. Wenyeji wengi ni Waislamu na heshima yako itafungua milango. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, wala usimpe mtoto chakula hadharani ukiweza kukaa ndani.

Tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Lilianza kujengwa mwaka 1873, katika mwaka ule ule soko lilipofungwa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuandika Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Tuliingia katika vyumba vya chini ambamo wageni huonyeshwa jinsi watu walivyobanwa gizani. Hakuna aliyezungumza. Wenyeji wa milima yetu nao walikamatwa na kuuzwa pwani nyakati zile, na sisi tulikuwa tumekuja kwa hiari yetu, tukiwa na nauli ya kurudi kibindoni.

Jioni tulikula Forodhani. Uliza bei kabla ya kuonja.

Siku ya tatu tulitaka kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nahodha wa mashua ndogo alituita sote kumi na mmoja, na tayari alikuwa na abiria wengine. Nilihesabu majaketi. Hayakutosha.

"Mama, panda tu, ni hapo tu," alisema.

Nikasema sipandi. Wenzangu walinung'unika. Tulikuwa tumekwisha kumlipa, na mashua ya pili ingekula fedha ya chakula cha jioni. Nilihisi aibu ile ile ya mwaka 1993, ya mtu anayeharibu safari ya wenzake. Ndipo mdogo kuliko wote, aliye na mtoto mgongoni, alipofungua kitenge chake taratibu na kuukanyaga mchanga. "Mama, nami nashuka," alisema. Wakashuka wote.

Nahodha alikasirika, kisha akaturudishia nusu. Tulikodi mashua mbili, kila mtu akavaa jaketi, na watoto wakawalisha kobe majani. Usiku tulikula mkate na chai. Sikusikia mtu akilalamika.

Tuliporudi Mnazi, mama mkwe alitungojea kivulini. Aliuliza bahari ikoje. Nilimpa chupa ndogo ya maji niliyoteka ufukweni. Akaonja, akatema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Maji yote hayo," alisema, "na hayafai hata kupikia ugali!"

Tumeanza tena kuweka akiba. Safari hii naye anataka kwenda.