Mizani Barazani na Somo la Hawaii

Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu hapa Tanga ilimwalika mtaalamu wa lishe azungumze na familia za mtaa juu ya unene na maradhi ya kisukari. Nia ilikuwa njema, kwani ni nadra mtaani petu kukuta nyumba isiyo na mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu. Mizani iliwekwa katika baraza ya madrasa. Kila aliyepanda, uzito wake ulisomwa kwa sauti, nasi, kwa kuwa ndio katibu, tukauandika mbele ya jina lake. Kisha ikagawiwa karatasi ya vyakula: mkate wa ngano isiyokobolewa, matufaha, maziwa yaliyoondolewa mafuta, kuku asiye na ngozi. Wiki ya pili walirudi nusu. Wiki ya nne walikuja watu wanne. Katika kumbukumbu za kikao tuliandika kwamba waumini hawana mwamko, na jambo likaishia hapo.

Miongoni mwa walioacha kuja alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita Shangazi. Mwaka huu alikatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya kidonda cha sukari. Tulipokwenda kumjulia hali tulimuuliza, kwa upole, mbona aliliacha lile darasa. Akatujibu: “Mwanangu, sukari naijua, ndiyo iliyomwua mama yangu. Lakini siku ile mlinipima mbele ya wakwe zangu, mkanitaja kilo zangu kama gunia la mkaa. Ningerudi na uso gani?”

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukiwa na swali moja: je, wako watu waliofikwa na mtihani huu wakaupatia njia isiyomvunjia mtu heshima yake? Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma kila tulichokipata, na safari hiyo ya kusoma ilitufikisha mbali, katika visiwa vya Hawaii.

Visiwa hivyo vimo ndani ya bahari ya Pasifiki na leo ni jimbo la Marekani. Wenyeji wake wa asili walikuwa na ufalme wao mpaka ulipopinduliwa mwaka 1893. Kabla Nahodha James Cook hajafika huko mwaka 1778, walilima magimbi katika majaruba yaliyonyweshwa na vijito vya milimani, wakavua samaki na kuwafuga katika mabwawa ya pwani. Magimbi kwao hayakuwa chakula tu. Katika mapokeo yao huhesabiwa kuwa ndugu mkubwa wa mwanadamu. Yalipokuja mashamba makubwa ya miwa, maji ya vijito vingi yaligeuzwa kwenda kunywesha miwa, na majaruba mengi yakakauka. Mchele mweupe, nyama ya mkebe na vyakula vya dukani vikashika nafasi. Leo wenyeji hao ni miongoni mwa wanaosumbuliwa zaidi na unene, kisukari na maradhi ya moyo katika jimbo lao. Amwambiaye mtu wa huko kwamba unene wake ni uvivu wa nafsi yake peke yake anasahau nani aliyeyachukua maji.

Katika pwani ya Waiʻanae, magharibi mwa kisiwa cha Oahu, daktari Terry Shintani na wenzake wa kituo cha afya cha hapo walijaribu jambo lingine mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliwakusanya wenyeji 20 kwa muda wa siku 21, wakawarudishia chakula cha mababu zao: magimbi ya kuchemsha na yaliyopondwa, viazi vitamu, viazi vikuu, shelisheli, mboga za majani, matunda na mwani, pamoja na samaki na kuku kwa kiasi. Hakuna aliyepimiwa sahani. Waliambiwa wale mpaka washibe. Walikutana kula pamoja, na katika mikutano hiyo wakafundishwa juu ya afya na juu ya mila za chakula chao.

Baada ya siku hizo 21, kila mmoja alikuwa amepungua kwa wastani wa kilo 7.8. Sukari na lehemu katika damu zilishuka, na shinikizo la damu pia. Mtu atauliza: vipi mtu ale mpaka ashibe, naye apungue? Siri imo katika chakula chenyewe. Magimbi, viazi na majani yana maji mengi na nyuzinyuzi nyingi, na mafuta kidogo mno. Tumbo hujaa kabla mwili haujapokea kupita haja yake. Kalori walizokula zilipungua kwa karibu asilimia 40 bila ya mtu kuamka mezani na njaa. Yote hayo yalifanyika chini ya jicho la madaktari, na jambo hili tusilipite haraka: mgonjwa atumiaye dawa za sukari akibadili chakula ghafla, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi, hivyo ni lazima dawa zake zipimwe upya na daktari.

Habari inayofanana na hiyo inatoka Australia. Mwaka 1982 mtafiti Kerin O’Dea alifuatana na wenyeji wa asili 10 wenye kisukari, watu wa karibu na mji wa Derby katika Australia Magharibi, waliorejea katika ardhi ya wazee wao kwa wiki saba. Waliishi kwa kuvua, kuwinda na kuchimba viazi vya mwituni. Kila mmoja alipungua kwa wastani wa kilo 8, na sukari yao ikashuka sana. Waliokuwa wagonjwa mjini, kule porini ndio walioijua kazi.

Hata hivyo, siku 21 zina mwisho, na wiki saba zina mwisho. Mtu hurudi nyumbani kwake, kwenye duka lile lile, mfuko ule ule na jiko lile lile. Hilo ndilo lililowafanya wenyeji wa Hawaii, katika miaka ya 2000, washirikiane na watafiti wa chuo kikuu cha huko kuanzisha mpango uitwao PILI ʻOhana. Neno *pili* katika lugha yao lina maana ya kuambatana, na *ʻohana* ni familia. Mpango huo ulichukua masomo ya kupunguza uzito yaliyokwisha kupata sifa Marekani nzima, lakini kabla ya kuyafundisha waliwauliza kwanza watu wenyewe wanakwama wapi. Watu wakasema: tufundisheni kununua chakula kizuri kwa fedha kidogo, na tufundisheni namna ya kuzungumza na daktari bila ya kuogopa. Masomo hayo yakaongezwa. Walimu wakatoka katika jumuiya zao wenyewe. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kupungua, na miezi sita iliyofuata ilikuwa ya kuulinda ule upungufu, na humo familia na majirani wakatiwa ndani, kwa sababu mpishi wa nyumba ndiye mshika ufunguo. Walioendelea katika njia hiyo waliweza kuudumisha uzito wao vizuri zaidi kuliko wale waliofuatwa kwa njia ya kawaida.

Tulipoyasoma haya tulirudi kwa Shangazi na karatasi ya vyakula vya Waiʻanae. Tukamsomea: magimbi, viazi vitamu, viazi vikuu, shelisheli, majani, samaki. Akacheka mpaka akashika ubavu. “Hicho si ndicho chakula tulicholelewa nacho? Mama yangu akichemsha shelisheli, hapakuwa na aliyeulizia mkate.” Kisha akanyamaza, akatuuliza: “Sasa nani aliyetuambia kuwa chakula hicho ni cha maskini?”

Swali hilo tunaliacha kwa kila familia isomayo ukurasa huu. Sisi tulisomea elimu ya dini chuoni, na mafundisho ya kujiepusha na israfu katika kula tumeyasomesha mara nyingi mimbarini na madrasani. Lakini mafundisho hayo hayajapata kumruhusu mtu amfedheheshe mwenzake kwa mwili wake. Hali kadhalika, futari zetu na pilau za maulidi twazila pamoja. Itakuwaje basi, likija suala la kupungua, tumwambie kila mtu akapungue peke yake, kwa chakula cha kigeni, huku wenzake wakimtazama?

Kamati imekubali kuanza upya. Kundi litakutana kila Jumamosi nyumbani kwa Shangazi, naye ndiye atakayeliongoza jiko. Ametoa masharti yake, nasi tumeyaandika kama alivyoyasema: mizani ikae chumbani na mlango ufungwe, kila mtu aujue uzito wake na asiujue wa mwenzake, wakwe waje nao, lakini waje kupika. Wenye dawa za sukari watamwona daktari kabla ya siku ya kwanza. Kundi hili litakwenda mwaka mzima, inshaallah, maana tumeona kwamba mwezi mmoja hautoshi.

Lipo jambo moja lililokuwa juu ya shingo yetu sisi wenyewe. Katika kikao kilichopita tuliomba ruhusa ya kusahihisha kumbukumbu za mwaka juzi. Pale palipoandikwa kwamba waumini hawana mwamko, sasa pameandikwa kwamba waumini walikuja, na kamati haikuwapokea inavyostahiki. Mwenyekiti ameweka saini yake, nasi yetu. Allah atusamehe, na atujaalie afya.