Babu Yuko Mahali Pawili

Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Kila kilichomo kwenye diski kingefutika.

Diski zilikuwa mbili, mezani kwa bibi, Sumbawanga. Ya zamani ilikuwa na saa sita za sauti ya babu, aliyefariki Machi, akieleza malungu: matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma, kama alivyosimuliwa na baba yake. Nakala nyingine haikuwapo. Kwangu ni data ya tasnifu. Kwa bibi ni mumewe, akikohoa katikati ya maneno.

Mpya ilikuwa ya terabaiti 4, na mara ya kwanza nilikosea: mpangilio wa zamani wa MBR unaishia terabaiti 2, nusu ya diski ikakaa bure. Ikabidi nifute nianze upya kwa GPT, kisha nigawanye sehemu mbili, ya kazi na ya nakala, kwa exFAT ili zisomeke kwenye Windows na Mac.

Kidole kilikuwa tayari kubonyeza nilipoona nimechagua ile ya babu.

Nikaichomoa. Mikono ilitetemeka. Ndipo nikafomati mpya, nikairudisha ya babu, nikaanza kunakili.

Asubuhi bibi akauliza, “Mjukuu wangu, babu yako yuko wapi sasa?”

“Yuko mahali pawili, bibi.”

Akatazama diski zote mbili kwenye begi langu. “Na begi likiibwa?”

Akachukua ile ya zamani, akaifunga kwenye kitenge, akaiweka sandukuni mwake.

“Huyu abaki nyumbani.”