Sayari ya Tisa ya Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi kule Korogwe. Kwenye ukuta wa darasa la tano alichora sayari tisa kwa mkono wake, kwa rangi iliyobaki walipopaka ofisi. Zohali aliipa pete zake. Pluto ilikuwa kidoa cha bluu karibu na dirisha.

Agosti 2006 nilikuwa kidato cha kwanza. Nikasikia redioni kwamba wanaastronomia waliokutana Prague wamepiga kura: sayari lazima ilizunguke Jua, iwe ya duara kama mpira, na iwe imesafisha njia yake. Pluto ikakwama sharti la tatu, maana inapita katikati ya mabonge mengi ya barafu ya ukanda wa Kuiper. Basi ikaitwa sayari kibete. Usiku tukiwa mezani nikasema, tena kwa kucheka, "Baba, kumbe ulitufundisha uongo! Sayari ni nane."

Hakunijibu. Alinawa mikono, akatoka nje. Wiki iliyofuata alipaka chokaa juu ya Pluto, akawaeleza wanafunzi wake kwa nini.

Leo mimi ni mwandishi wa habari, na najua tunavyoyaficha masahihisho yetu kwenye kona ya ukurasa wa ndani. Mzee aliyafanya yake ukutani, mbele ya watoto sitini. Wala hakuwa amedanganya mtu. Alifundisha kilichojulikana. Pluto huchukua miaka 248 kulizunguka Jua. Tangu ionekane mwaka 1930 mpaka ilipovuliwa cheo, haikuwa imemaliza hata theluthi ya safari hiyo. Sisi ndio tulibadilika, yenyewe ilikuwa njiani tu.

Julai 2015, nikiwa mgeni kabisa chumba cha habari, zikaja picha za chombo cha New Horizons. Kilirushwa Januari 2006, Pluto ikiwa bado sayari, kikaipita baada ya miaka tisa na nusu. Kidoa cha baba kumbe kina milima ya barafu na uwanda mweupe wenye umbo la moyo. Nikampigia. Nikamwambia pia kwamba ndani ya chombo kulikuwa na majivu kidogo ya Clyde Tombaugh, aliyeigundua akiwa na miaka 24.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wamemfikisha?"

"Wamemfikisha, baba."

"Wamefanya vizuri."

Pale ndipo nilitakiwa kumwomba radhi kwa lile neno la mezani. Nikasema nitapiga tena jioni. Jioni tukaongea bei ya mahindi.

Sasa hayupo, na lile deni bado ninalo. Mwanangu akiniuliza sayari ziko ngapi, namwambia nane. Halafu namsimulia habari za ile ya tisa, na aliyeichora.