Vifaranga Wasio na Mama

Kelele zilianza saa saba mchana. Kijana alikuwa amefungua boksi la vifaranga wa wiki tatu, aliowanunua kwa mtu mwenye mashine ya kutotolesha, akawamwaga katikati ya mitetea ya bibi yake pale Mandewa, Singida mjini. Kabla ya alasiri wawili walikuwa wamedonolewa vichwani mpaka damu.

"Si ni kuku wenzao, Bibi?"

Bibi alimwangalia tu. Ikungi, alikoolewa, hapakuwa na kazi ya kuingiza vifaranga kundini. Hiyo ilikuwa kazi ya koo. Aliatamia siku 21, akatoka na watoto wake, na kuku mwingine akisogea alitimuliwa hadi ng'ambo ya ua. Kwa miezi miwili au zaidi vifaranga walijifunza nyuma yake wapi pa kuparua, nani wa kumpisha, na mwewe akipita wajifiche wapi. Siku aliyowaacha, wenyeji walikwisha kuwazoea.

Mkono wa binadamu uliingia usiku. Mitetea miwili ikitotoa kwa pamoja, mama mkwe wake alisubiri giza lijae ndani ya tembe, akachukua vifaranga wa mmoja na kuwasukumiza chini ya mbawa za mwenzake, bila kuwasha kibatari. Asubuhi koo mmoja alilea wote, na yule aliyepokonywa alirudi kutaga mapema. Ilibidi wawe wachanga, wa siku mbili tatu na wa rika moja. Wakikua kidogo, koo anawajua wasio wake.

Kuku mgeni aliyeogopwa hasa ni yule aliyetoka kwenye tenga. Mchuuzi alipita na baiskeli, matenga mawili nyuma, akikusanya kuku wa kupeleka stesheni ya Manyoni kupanda treni ya Dar es Salaam. Bibi angali anaijua harufu ya matenga yale: fito zilizolowa, manyoya, mavi ya siku tatu na vumbi la mtama. Mchuuzi hakuwa na mizani. Alimnyanyua kuku, akampapasa kidari, akataja bei, kisha akaanza kuondoka polepole ili aitwe. Watoto walimpenda kwa sababu aliwapa manyoya marefu ya majogoo. Mama mkwe hakumpenda hata kidogo. Akitaka kubadilishana naye jogoo, huyo aliyepokelewa alifungwa mguu chini ya kihenge, mbali na wenzake, mpaka ithibitike kwamba hasinzii wala hahari kijani.

Alikuwa na sababu. Kideri kikinukia, watu huwahi kuuza, na tenga hubeba ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka mmoja ua wote ulibaki na kuku mmoja. Bibi anasema ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Dada yake anabisha, ulikuwa mwaka wa njaa uliofuata. Wamebishana mara nyingi na hakuna aliyeshinda. Kwa hiyo anayesifu ufugaji wa zamani kupita kiasi ama hakufuga ama amesahau. Vifaranga wengi hawakufika ukubwani: mwewe, nguchiro, baridi, ndui.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Lami ikafika, kuku wakahamia kwenye mabasi, tembe zikapisha bati. Ikaja chanjo ya kideri ya I-2, inayovumilia joto kuliko zile za awali, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kuanzia 2014 ilikuwa sehemu ya kazi ya watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Sydney katika kata ya Sanza, wilayani Manyoni. Kisha Kuroiler, Saso, machotara wa kila rangi, na vifaranga ndani ya maboksi, hawajawahi kuona ubawa.

Kinachoudhi ni kwamba anayenunua boksi amenunua pia kazi ya koo, na hajui. Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwei aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kila kundi lina ngazi zake za kudonoana. Mgeni huanzia chini. Asiye na mama huanzia chini peke yake. Basi wavu uwatenganishe wiki moja au mbili, wakionana bila kugusana. Waingizwe wengi kwa pamoja, wakiwa wamekaribia kimo cha wenyeji. Vyombo vya chakula viwe zaidi ya kimoja. Na wasile chakula cha mitetea inayotaga: chokaa yake nyingi huharibu figo za vifaranga. Kijana alikuwa anawapa hichohicho, na mashudu ya alizeti juu yake.

Wavu umenunuliwa. Kwa boksi linalofuata Bibi ametoa masharti: vifaranga wawe wa siku moja, waletwe magharibi, siku atakayosema yeye. Kuroiler hana hamu ya kuatamia, kwa hiyo mitetea mitatu ya kienyeji haiuzwi wala haichinjwi hata wageni wakija. Pumba zao analipa mjukuu.